Timu Isiyo na Nambari

Msomaji wangu, ukisimama ufukweni karibu na Bongwe ukaelekea kusini, Pemba haiko mbali, na Wapemba wengi wamelowea pwani hii tangu zamani. Basi sikiliza habari za timu yao.

Timu dhaifu hulalamika kuwa ziko mkiani mwa orodha ya FIFA. Zanzibar haimo kabisa, maana si mwanachama. Machi 2017 ilipokewa na CAF. Julai ikatolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uanachama wa miezi minne!

Desemba ile ile ilikuja Kenya kuwania Kombe la CECAFA, ambalo ililitwaa mwaka 1995. Iliifunga Rwanda 3-1, Tanzania Bara 2-1, kisha Uganda, mabingwa watetezi, 2-1. Fainali ya Machakos ikawakutanisha na Kenya. Wewe ungalimshangilia nani? Kenya ilitangulia mara mbili. Mara mbili Khamis Musa akasawazisha. Katika penalti mlinda lango Patrick Matasi akapangua mikwaju mitatu, Kenya ikashinda 3-2.

Siku chache baadaye FIFA ilitoa orodha yake. Kenya ilikuwamo, Uganda ilikuwamo, Zanzibar haikuwamo.