Sukari ya Kwenye Chupa Ilitoka Wapi?

Juzi binamu yangu alikuwa anajaza chupa bia aliyoipika nyumbani, akaniuliza: tuweke sukari nyeupe ama sukari guru? Nikamwambia sukari ni sukari. Manze, nilikosea.

Bia ikishachacha, hamira bado iko ndani. Ukitia sukari kidogo na ufunge, hamira inaila, inatoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Povu ndiyo hiyo. Chupa ya nusu lita inataka kama gramu 3 au 4, yaani kijiko kidogo kimoja. Ukimwaga kama unatengeneza chai ya wageni, chupa itapasuka.

Sasa skiza. Wengi husema mvinyo wa mapovu ulivumbuliwa na mtawa Mfaransa, Dom Pérignon. Lakini yeye alifika kwenye monasteri ya Hautvillers mwaka wa 1668. Desemba 1662, Christopher Merret alikuwa tayari ameeleza mbele ya Royal Society, London, kwamba watu wa mvinyo huko walitia sukari na molasi kwenye mvinyo wa kila aina ili uchangamke. Chupa zao zilivumilia kwa sababu vioo vyao viliyeyushwa kwa makaa ya mawe, moto mkali kuliko wa kuni.

Na hiyo sukari? Nyingi ilitoka Barbados, kwa mashamba ya miwa yaliyoanza kushamiri miaka ya 1640, yakilimwa na Waafrika waliouzwa kama watumwa. Hapo nilishika kichwa. Shuleni tulikariri pamba na tumbaku. Hakuna aliyetuambia kuhusu mapovu. Matajiri wa London walikuwa wanafungua chupa kwa kishindo, na kishindo chenyewe kililipwa na mgongo wa mtu.

Huku kwetu muratina ilipikwa kwa asali, na tunda kavu la mratina ndilo lililobeba hamira. Haikufungiwa chupani. Ilinyweka ikiwa bado inachemka yenyewe, kwa hivyo hakuna aliyehitaji sukari ya pili. Kwa hivyo wale wanaosema eti pombe ya kienyeji ni ya kishamba kwa sababu haina chupa, mnanichekesha.

Kuhusu swali la binamu: nyeupe haibadilishi ladha, guru inaacha harufu na rangi yake. Mimi nilimwambia ajaribu asali. Akaenda kutafuta mizani.