Kasa wa ngozi na papa wa matamvua sita

Kasa wa ngozi (Dermochelys coriacea) na papa wa matamvua sita (Hexanchus griseus) ni wanyama wa baharini ambao wote wawili huweza kuzama kupita kina kikubwa kabisa cha Ziwa Kivu, takriban mita 485. Tofauti yao kuu ni pumzi: kasa huzama na hewa aliyoivuta juu, papa hupata oksijeni iliyomo majini.

Kasa. Ndiye mkubwa kuliko kasa wote. Dume mmoja aliyepatikana Wales mwaka 1988 alizidi kilo 900. Badala ya gamba gumu ana ngozi nene yenye matuta saba marefu mgongoni. Hula yavuyavu, na amerekodiwa akizama zaidi ya mita 1,200. Huko chini mapafu yake hubanwa na uzito wa maji, naye hutumia oksijeni iliyowekwa akiba katika damu na misuli. Jike hutaga mchangani. Katika Kongo hufanya hivyo kwenye pwani ya Muanda, penye Hifadhi ya Bahari ya Mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992.

Papa. Papa wengi wana matundu matano ya matamvua kila upande. Huyu ana sita, na pezi moja tu mgongoni, karibu na mkia. Hufikia karibu mita 5. Mchana hukaa kilindini, usiku hupanda kuwinda samaki na ngisi. Ini lake lenye mafuta mengi humpunguzia uzito majini. Huzaa watoto hai, kuanzia 22 hadi 108 kwa mkupuo.

Kipimo cha Kivu. Chini ya mita 60 hivi, maji ya Kivu hayana oksijeni, na yamejaa kaboni dioksidi na methani. Ndiyo maana sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huishi tabaka la juu tu, ambako wavuvi wa Goma huwavua usiku kwa taa. Katika maji ya chini yasiyo na oksijeni papa angekosa pumzi. Kasa asingezuiwa na ukosefu huo peke yake, kwa kuwa havuti pumzi majini.

Hifadhi. Wavu unaomzuia kasa asipande juu humuua kwa kumzamisha. Papa hunaswa na ndoano zinazoshushwa kilindini. Kwa hiyo kasa anahitaji nyavu zinazomwachia njia ya kutoka na fukwe ambazo mayai hayachimbuliwi, na papa anahitaji uvuvi wa kilindini uwekewe mipaka. Kinga ya mmoja haitoshi kumlinda mwingine.