Kalulu wa Tabora: usimgeuze doa jeusi

Wadau, leo naomba tuongelee weusi. Siasa za rangi ya ngozi tutazigusa kidogo tu. Nazungumzia weusi wa kwenye picha.

Mwaka 1871 Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitua Tabora, kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Hapo mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu akampa zawadi: mtoto mtumwa. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Mwaka 1872 walikuwa London, wakapigwa picha studio. Mwaka 1877 Kalulu akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, bado kijana mdogo.

Habari zake nyingi tunazo kwa mkono wa Stanley. Uso wake tunao kwenye picha. Sasa cheki chapa mbaya ya picha kama hiyo: mzungu anaonekana mpaka mikunjo ya paji la uso, Mwafrika ni doa lenye macho. Kwa nini?

Lawama ya kwanza ni ya kemia. Vioo vya picha vya enzi hizo vilinasa mwanga wa buluu, wekundu karibu havikuuona kabisa. Ngozi ya kahawia hurudisha zaidi mwanga mwekundu, kwa hiyo ilitoka nyeusi kuliko macho yalivyoiona.

Lawama ya pili ni yetu sisi wa magazetini. Kwenye kompyuta 0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa. Shavu, pua na mdomo wa Kalulu vinakaa huko chini, vikitofautiana kwa hatua chache tu. Wino kwenye karatasi ya gazeti haufikii weusi unaouona kwenye skrini. Kazi ya profaili ni kuiambia programu weusi wa karatasi hiyo unaishia wapi. Usipoitumia, au ukizima ulinganishaji wa nukta nyeusi, vivuli vyote vilivyo chini ya kikomo hicho vinakuwa kitu kimoja. Ukiongeza kontrasti ili picha "ing'ae", ndiyo umemmaliza kabisa.

Dawa ipo. Skani kwa biti 16, usiguse nakala ya kwanza. Nukta nyeusi ipime kwenye kivuli kizito, kamwe si kwenye shavu la mtu. Kisha tumia profaili ya karatasi utakayochapia.

Jina lake la kwanza alinyang'anywa zamani. Uso tumwachie.