Kadi ya salamu: Voi ilipolipia jina lake lisikike hewani

Kwenye makongamano ya mashabiki huko Marekani na Uingereza, watu hupanga foleni na kulipa makumi ya dola, wakati mwingine mamia, ili mwigizaji maarufu awatilie sahihi kwenye picha. San Diego Comic-Con ilianza mwaka 1970, na mashabiki wa Star Trek wakafanya kongamano lao New York mwaka 1972. Miaka ya 1980 sahihi za kulipia zikapamba moto kwenye maonyesho ya kadi za wachezaji wa besiboli. Wako wanaozisikia habari hizi wakaguna kwamba ni upuuzi wa watu wenye pesa za kuchezea. Mimi siguni. Kwetu Taita Taveta, miji ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta ililipia ukaribu na watu maarufu kwa miaka mingi, na aliyelipa mara nyingi alikuwa mtu wa mshahara mdogo.

Watu wa miji hiyo walilipia kadi ya salamu za kusomwa redioni. Enzi za Sauti ya Kenya, jina ambalo shirika la utangazaji lilibeba tangu 1964 hadi liliporudia kuitwa KBC mwaka 1989, nyumba nyingi zilikuwa na idhaa moja tu ya Kiswahili ya kutegemea. Watangazaji wake walijulikana kwa sauti kuliko wabunge. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na hata mtoto aliitambua sauti yake kabla hajatajiwa jina. Kutajwa na mtangazaji wa kiwango hicho kulikuwa heshima ya kusimuliwa kijiji kizima.

Kadi yenyewe ilikuwa karatasi ngumu ndogo, yenye nafasi ya jina la mtumaji, mahali alipo, wimbo anaouomba na wale anaowasalimu. Hiyo nafasi ya mwisho haikutosha kamwe. Mtumaji alianza kwa herufi kubwa za kujiamini: baba na mama, kaka, shemeji wa mtaa wa Kaloleni, jirani wa mtaa wa Sofia. Akifika katikati herufi zinakonda, na mwishoni majina yanapanda pembeni mwa kadi, kwa sababu kumsahau shangazi mmoja kungeleta lawama ya mwaka mzima. Kisha kadi inatiwa posta, na kazi ya kungoja inaanza. Redio inakaa wazi kwa kinyozi, kwenye kioski, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Betri zikianza kuchoka zinaanikwa juani. Jina likisomwa, kelele zinapigwa, na mwenyewe, kama hakuwepo, anapashwa habari njiani na watu watano kabla hajafika kwake.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa na foleni za San Diego. Shabiki wa kule hununua jina la nyota. Wa kwetu alinunua nafasi ya jina lake mwenyewe kupita kinywani mwa nyota, akiwa amewabeba ndugu zake wote. Afrika Mashariki na Kati imejaa desturi za aina hii. Wajaluo wana pakruok, ambapo mtu hulipa muziki usimame kidogo ili yeye na rafiki zake wasifiwe. Wakongo wana libanga, ambapo mfanyabiashara humlipa mwanamuziki amtaje ndani ya wimbo. Pwani tunatuza, noti ikitiwa mkononi mwa mwimbaji anapoendelea kuimba.

Lakini kwenye kutuza, pakruok na libanga, pesa humfikia msanii. Pesa ya kadi haikwenda kwa mwimbaji aliyeombwa, na hilo linaniuma nikimkumbuka mtoto wa Taita, Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2001. Yeye na bendi ya Jambo Boys ndio waliorekodi wimbo wa Malaika karibu mwaka 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliupeleka duniani, Boney M wakaurudia mwaka 1981, huku haki ya utunzi ikigombaniwa na watu kadhaa.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoiondoa kadi. Ujumbe mfupi ukachukua nafasi yake, nao ulilipiwa vilevile. Watuma salamu hawakupotea. Walikuwa wameshajuana kwa majina ya hewani kabla ya kuonana kwa sura, wakaunda vikundi, wakatembeleana, wakachangiana harusi na mazishi. Kongamano la mashabiki linalomzika mwenzao ni jambo ambalo ningependa San Diego walisikie.

Kadi ambazo hazikuwahi kutumwa bado huenda zimo kwenye masanduku ya wazee wetu, pamoja na barua na picha za zamani. Tafadhali msizichome. Muulizeni babu au nyanya kila jina lililoandikwa pale ni la nani, mliandike nyuma pamoja na mwaka, kisha mpeleke nakala kwa mwalimu wa historia aliye karibu nanyi.