Vichezeo vya watoto wadogo: Kagua kabla hujalipa

KILA anachokishika mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu huishia kinywani. Kwa sababu hiyo, mzazi anaposimama mbele ya muuza vichezeo, awe wa dukani au wa meza ya Kariakoo, swali la kwanza si bei wala rangi, bali ni kipande gani kinaweza kung'oka na kumezwa.

Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vichezeo, ISO 8124, hupima hatari hiyo kwa chombo chenye umbo la mcheduara wenye kipenyo cha milimita 31.7. Kipande kinachotumbukia chote humo bila kusukumwa hakimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nyumbani, tumia kijibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya choo inapokwisha. Ni kipana kidogo kuliko chombo cha maabara, na hilo ni jema. Kifuniko cha chupa ya maji, ambacho wengi wetu huwapa watoto bila wasiwasi, hutumbukia mara moja.

Mipira ina sheria yake. Marekani, mpira mdogo wenye kipenyo cha milimita 44.5 au pungufu hauruhusiwi kwa watoto wa umri huo, kwani kitu cha duara huziba koo lote bila kuacha upenyo wa hewa.

Usiishie kutazama. Vuta macho ya mdoli, zungusha magurudumu ya kigari, tikisa kayamba na kuminya mishono. Kamba ya kuvutia kigari isiwe ndefu kiasi cha kuzunguka shingo ya mtoto. Puto lililopasuka lizolewe papo hapo, vipande vyote.

Betri ndogo zenye umbo la sarafu ndizo za kuogopwa kuliko yote, nazo zimo katika vichezeo vingi vya kuimba na kuwaka taa. Betri hiyo ikikwama kwenye umio, unyevu wa mwili hupitisha umeme na kuzalisha kemikali kali inayoweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Hata ile iliyoshindwa kuendesha kichezeo bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Dalili zake, yaani kutokwa mate, kukohoa na kukataa chakula, hufanana na za maradhi ya kawaida, hivyo mzazi huweza kupoteza muda akitafuta dawa ya kifua. Ukishuku tu, usimtapishe mtoto. Mkimbize hospitalini apigwe picha ya eksirei. Wakati wa kununua, hakikisha mahali pa betri pamefungwa kwa skrubu inayohitaji bisibisi. Kama hufunguka kwa ukucha, rudisha.

Sumaku ndogo nazo ni balaa: zikimezwa mbili au zaidi, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Kuhusu rangi, jina kubwa la kampuni si kinga tosha. Mwaka 2007, Mattel ya Marekani ilirudisha kutoka sokoni mamia kwa maelfu ya vichezeo vilivyopakwa rangi yenye madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Alama ya TBS au KEBS itafutwe, lakini rangi inayobanduka kwa kukwaruzwa ni sababu ya kutosha kukiacha kichezeo.

Vile vigari vya magurudumu anavyokalishwa mtoto asiyejua kutembea, Canada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kutokana na watoto kuporomoka navyo kwenye ngazi. Kigari cha kusukuma kwa mikono, kizito na kipana chini, kinafaa zaidi kwa mtoto aliyekwisha kusimama.

Vichezeo vya mitumba vikaguliwe kwa ukali zaidi, maana mara nyingi huja bila maelezo ya umri na skrubu ya betri imeshapotea. Plastiki iliyokaa juani uani hukauka na kupasuka, hivyo pitisha kidole kwenye kingo zake kila unapoviosha.