Dola saba za karatasi, dola tatu za jasho

Wadau, ukitaja ruzuku ya wakulima wa Marekani, wengi wanapata picha ya serikali inayogawa hela bure. Kwa tumbaku stori ni ndefu kidogo, na ilianza na moto.

Twende Christian County, kaunti ya mashamba kusini-magharibi mwa Kentucky. Kule wanalima tumbaku ya moshi, ndugu yake ile ya Songea. Mwanzoni mwa karne ya 20 soko lilikuwa mkononi mwa American Tobacco ya James B. Duke na washirika wake. Wao ndio waliopanga bei, na mkulima aliyeikataa hakuwa na pengine pa kwenda. Mwaka 1904 wakulima wakaunda chama ili wazuie tumbaku yao mpaka bei ipande. Waliokataa kujiunga walikiona cha moto. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1907, wanaume wapatao 250 waliofunika nyuso waliingia mjini Hopkinsville, wakateka polisi, zimamoto na simu, kisha wakachoma maghala ya wanunuzi.

Jibu la serikali lilikuja miaka mingi baadaye, kwa sheria za 1933 na 1938: kila shamba lipewe mgao, na asiyezidisha mgao alindwe bei. Mfumo ulifanya kazi. Ila mgao ulifungwa kwenye ardhi, siyo kwa mtu anayelima. Ukirithi shamba, umerithi na mgao. Unaweza kuhamia mjini, ukaukodisha, na aliyeinama shambani akakulipa wewe kwa ruhusa ya kulima tu!

Mwaka 2004 Bunge likaufuta mfumo huo, na Rais George W. Bush akasaini sheria mwezi Oktoba. Fidia ikapangwa kwa miaka kumi, 2005 hadi 2014, kama dola bilioni 10 kwa jumla. Hela zilitoka kwa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa za tumbaku, siyo kwenye kodi ya kawaida, jambo ambalo wanaolalamikia ruzuku hii husahau.

Sasa tazama mgawanyo. Mwenye mgao alipata dola 7 kwa ratili. Aliyelima alipata dola 3, tena awe amelima misimu yote mitatu, 2002 hadi 2004. Kwa mgao wa ratili 5,000, mwenye karatasi alichukua dola 35,000, na aliyepanda, akakata na kuning'iniza majani kwenye bani akachukua 15,000, yaani 1,500 kwa mwaka. Aliyelima mgao wake mwenyewe alikula pande zote mbili. Kwangu mimi huo ni mgao wa kurithi, siyo wa haki, hata kama kisheria ile karatasi ilikuwa mali.

Fidia ilipoanza kulipwa, ulinzi wa bei ukaondoka. Mkulima akabaki na mkataba wa moja kwa moja na kampuni, mfumo ambao msomaji wa Migori hahitaji kuelezwa. Mashamba ya tumbaku ya Kentucky yalikuwa zaidi ya 29,000 mwaka 2002. Sensa ya kilimo ya 2007 ilikuta kama 8,000.