Mashine ya marehemu baba mdogo, na habari ya mwaka 1974

Mniwie radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Kibimba. (Kuna ndugu alinipa pole akidhani nazungumzia Kibimba ya Burundi, ile ya upande wa Gitega. Hapana jamani, hii ni yetu ya Ngara, mkoa wa Kagera.)

Safari yenyewe ilianza kwa simu ya mama mdogo. Baada ya shikamoo na marahaba, akasema: “Mwanangu, ile mashine ya marehemu imegoma. Fundi amekuja, anasema imekufa, niilipie elfu thelathini apige window upya. Nimlipe?”

Nikamwambia asimlipe na asiguse kitu. Siku ya pili nikaomba ruhusa ofisini nikapanda basi.

Niwaeleze kwa nini niliharakisha. Baba mdogo alikuwa mwalimu. Alifariki mwaka 2019. Tangu 2005 alikuwa akizunguka kwa wazee wa huku kwetu akiandika walivyoziona siku za mwisho za Aprili 1994, pale watu karibu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na Benaco ikageuka mji. Vitabu vya wazungu juu ya habari hiyo vipo vingi. Mwenyeji wa Ngara, aliyeamka akakuta shamba limejaa watu na mti wake umeshakuwa kuni, hakuandikwa sana. Baba mdogo aliwaandika kumi na wawili. Wengi wao wamekwisha kufa. Na maandishi yote yalikuwa ndani ya hilo boksi la Pentium 4 lililofunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni ya kabati la vyombo. Hapakuwa na nakala mahali pengine. Ndiyo, najua, mimi msomi wa familia nilipaswa kufikiria hilo mapema.

Mama mdogo alikuwa akiiwasha mara moja kila mwezi kwa sababu marehemu alimwagiza hivyo. Hajui kuitumia. Anaiwasha, anasubiri picha itokee, anaizima. Miaka yote hiyo.

Sasa fundi wetu alikuwa ameona nini? Nilipoiwasha mara ya kwanza haikuleta kitu, ililia tu milio. Nikafungua ubavu. Vumbi letu jekundu mnalijua, lilikuwa limelala humo kama unga. Nikalipuliza, nikachomoa memori, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha mtoto wa shule, nikairudisha. Milio ikaisha. Zikaja herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, kisha ikasimama, haiendelei. Hapo ndipo fundi alipohukumu kwamba diski imekufa.

Lakini herufi zile zilikuwa zinasema jambo. Kompyuta ile inatumia Ubuntu 8.04, toleo la Aprili 2008, na kabla ya kufungua diski mfumo huo huikagua kwanza. Kwa Kiingereza chake ulikuwa unalalamika kwamba mara ya mwisho diski hii kufunguliwa ni wakati ujao. Soma tena: wakati ujao. Nikaangalia saa ya mashine nikakuta Januari 1, 2004. Kumbe mama mdogo alichomoa waya ukutani wakati wa kupaka rangi sebuleni, na ile betri ndogo ya mviringo inayotunza saa, CR2032, ilikuwa imeshakufa zamani. Mashine ikaamka ikidhani ni 2004, ikakuta kumbukumbu kwamba ilifunguliwa miaka mingi mbele, ikaogopa, ikasimama ikaomba msaada wa mtu.

Diski haikuwa imekufa. Ilikuwa inauliza leo ni tarehe ngapi!

Nikaandika tarehe sahihi kwa amri ya date, nikaihifadhi kwenye saa ya mashine kwa hwclock, nikaendesha fsck ambayo hukagua na kutengeneza mpangilio wa mafaili, nikajibu ndiyo mara kadhaa, nikawasha upya. Picha ikatokea. Mama mdogo akapiga makofi. Betri niliinunua kesho yake kwa muuza saa, shilingi elfu mbili.

Ningeweza kuishia hapo, lakini usiku ule usingizi haukuja, na kilichonikosesha usingizi ni historia.

Wengi wetu tunadhani kompyuta Tanzania zilianza na intaneti kafe. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Baadaye hesabu za serikali zikaingizwa kwenye mashine na mambo yakaharibika. Hesabu zilivurugika, wenye ujuzi walikuwa wageni, na mashine ilipokosea mwananchi wa Hazina hakuwa na pa kuingilia ili aone kosa liko wapi. Mwaka 1974 serikali ikachoka. Ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Aliyetaka kompyuta alipaswa kupata kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, na kufika miaka ya 1990 ikawa imekwisha.

Watu huicheka habari hiyo, eti Ujamaa uliogopa kompyuta. Mimi siicheki sana. Ni kweli ilitugharimu miaka mingi, na uhaba wa fedha za kigeni nao ulikuwa na sehemu yake. Lakini uchungu wenyewe naufahamu. Ni uchungu wa mama mdogo mbele ya fundi: chombo ni chako, kiko nyumbani kwako, ila kikiugua huna njia ya kujua kinaumwa nini, unamwangalia mtu mwingine usoni. Serikali iliamua kukitupa nje. Mama mdogo nusura alipe elfu thelathini kifutwe.

Cha ajabu ni kwamba miaka michache baadaye, huko Marekani, mtu mwingine alishikwa na uchungu wa namna hiyohiyo akachukua njia tofauti. Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya MIT. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara ilikuwa na printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Printa ya zamani waliweza kuirekebisha programu yake, ikawa inawapa taarifa watu ikikwama. Hii mpya ilikuja na programu iliyofungwa. Stallman akamfuata mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wake, akamwomba nakala. Akanyimwa, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameahidi kutompa mtu. Basi bwana, septemba 1983 Stallman akatangaza kazi ya kuandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, akawaambia wenzake kwamba anaandika kiini cha mfumo kwa kujifurahisha tu. Vitu hivyo viwili vikaungana, na ndivyo vinavyoendesha boksi la sebuleni kwa mama mdogo. Yote ilianza kwa printa kukwama! Mimi nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari, najua hasira ya printa kukwama, ila sijawahi kuigeuza kuwa kitu cha maana.

Turudi nyumbani. Baba mdogo alisoma Mlimani, na alikuwepo mwaka 2004 wakati Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 katika mradi wa Kilinux. Lengo lilikuwa programu huria izungumze Kiswahili. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza kwamba wataleta Kiswahili kwenye bidhaa zao, lakini Mlimani waliwatangulia, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa OpenOffice ilikuwa wazi tangu mwanzo. Baba mdogo alirudi Ngara na CD yake kana kwamba amebeba cheti. Mzee wa kwanza alimwandika kwa programu hiyo, kwenye kompyuta ya kuazima.

Hii Pentium aliinunua imetumika, mwaka 2008. Na Ubuntu ilimjia kwa posta! Wadogo zangu hamtaamini, ila kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuwa ikimtumia yeyote duniani CD bure, unajaza anwani unasubiri. Huduma hiyo ilifungwa 2011. Kwa nchi ambayo mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu, na sisi wa pembezoni tukachelewa zaidi, CD ndani ya bahasha ilikuwa ndiyo intaneti yenyewe. Nakumbuka, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, baba mdogo akicheka peke yake na bahasha mkononi. Huku Ngara Kirundi tunakisikia kila siku, na Kihangaza chetu hakiko mbali nacho. Neno ubuntu kwa Kirundi ni utu, ni ukarimu, na ukisema ku buntu maana yake ni bure. Wazungu wanaeleza maana ya jina hilo kwa aya nzima. Bibi yangu aliisoma bahasha akauliza: “Wamekupa bure?”

Sasa nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ule ujumbe wa wakati ujao ulikuwa wa Kiingereza. Jambo OpenOffice ilifika kwenye menyu, haikufika chini kule mashine inakolalamika gizani, na mradi wenyewe ukanyamaza baada ya miaka michache. Kutafsiri si kazi ya mara moja, matoleo mapya huja kila mwaka na maneno mapya, na nani atalipa? Kama ujumbe ule ungekuwa wa Kiswahili, mama mdogo angeusoma mwenyewe na kuniambia kwa simu, “Inasema saa yake imekosea.” Amesoma hadi darasa la saba, anasoma Biblia yote. Mimi naona hapo ndipo tulipoacha jembe shambani.

Na matengenezo ya mfumo mkongwe yana taabu zake. Ubuntu 8.04 haipati marekebisho ya usalama tangu miaka mingi, kwa hiyo nimeamua isiunganishwe na mtandao kabisa. Kuweka toleo jipya nako ni shida, kwani mashine ni ya biti 32 na Ubuntu iliacha kutoa CD za kompyuta hizo. Hata Debian, waliovumilia kuliko wengi, waliacha kuzitolea za kusimikia katika toleo lao la 13 mwaka 2025. Nikaichukulia kama mzee anayetunzwa ndani: asitoke kwenye baridi, apewe betri mpya, afutwe vumbi. Cha haraka kilikuwa kutoa mafaili.

Yalikuwa kumi na mawili, yote yanaishia na .sxw, umbo la OpenOffice ya zamani. Nilikuwa na hofu. Niliyaweka kwenye flashi, nikayafungua kwa LibreOffice kwenye laptop yangu, programu iliyozaliwa na ileile OpenOffice. Kumi na moja yakafunguka hapohapo, herufi zote, hata rangi ya vichwa vya habari. Faili la mwaka 2005! Jaribuni kufungua vitu vyenu vya 2005 mniambie.

La kumi na mbili likakataa. Diski ilikuwa na madoa mahali lilipokaa, na mkia wake ulikuwa umeharibika. Hapa ndipo uwazi ulipolipa tena. Faili la .sxw ni kifurushi cha zip, ndani yake kuna mafaili madogo, na maneno yenyewe yako kwenye lile liitwalo content.xml, maandishi ya kawaida kabisa. Umbo hilo halikufichwa na mtu. Nikatumia zip -FF kukusanya kilichobaki cha kifurushi, nikakipata hicho content.xml kikiwa kimekatika katikati. Kurasa nne hivi kati ya labda nane.

Msimulizi ni mzee mmoja aliyekuwa na kisima. Anaeleza jinsi foleni ya kwanza ilivyofika alfajiri, jinsi alivyokataa kuuza maji, jinsi kisima kilivyokauka siku ya tatu na majirani zake wakamgeuka. Anasema alikwenda kumwona kiongozi wa wale waliokuja, wakakaa chini, na huyo mtu akamwambia… Hapo maneno yanaishia. Baada yake ni alama zisizosomeka.

Mzee amefariki. Mama mdogo anasema binti yake yupo, ameolewa upande wa Rulenge, na siku ile ya kisima alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Nimepewa namba ya jirani yake. Alhamisi naenda kwa bodaboda, nikiwa na kinasa sauti na flashi mbili, moja itabaki kwa mama mdogo kwenye kabati la vyombo.